Shamba Lililokataa Kufunguka

Kuna maneno matatu ambayo siyavumilii kwenye skrini: "Jaribu tena baadaye." Baadaye lini? Nani ataniambia imefika? Kompyuta ikiniandikia hivyo naiona kama mtu aliyenifungia mlango huku namsikia akicheka ndani, na sibanduki pale mpaka afungue. Nina saiba yangu hapa mtaa wa Munyaka, chumba kimoja chenye mashine sita na printa yenye kiburi, na kama kuna kazi ninayoijua kuliko watu wengi wa Eldoret, ni hii ya kurudisha watu ndani ya michezo yao ya mtandaoni. Najisifu, ndiyo. Hakuna mwingine wa kunifanyia hiyo kazi.

Watu hudhani michezo ni ya vijana peke yao. Waje wakae na mimi wiki moja. Nina mwalimu mkuu mstaafu anayecheza drafti na watu wa mabara asiyowahi kukanyaga, na akitupwa nje katikati ya mchezo hunijia akitetemeka kwa hasira. Nina fundi cherehani anayeendesha malori ya mchezo kwenye barabara za Ulaya. Kuna mkimbiaji wa kambi za Kaptagat ambaye kila akiumia goti huhamia kwenye mpira wa simu, kisha mtandao ukimsumbua analalamika kuliko anavyolalamikia goti. Wote nawauliza maswali yaleyale. Wenzako wanaingia? Uliingia mara ya mwisho lini? Umebadilisha nini? Kisha naanza kupunguza washukiwa: najaribu mtandao mwingine, nafuta takataka zilizojazana, naangalia kama mchezo unataka kusasishwa. Nenosiri siligusi. Mwenye akaunti huliandika mwenyewe, na mimi naangalia ukuta. Hilo ni sharti langu na sijawahi kulivunja.

Asubuhi moja ya Julai, ile baridi yetu ikiwa imeshaingia mifupani, akaingia mama mmoja wa miaka sitini na kitu. Alikuwa na sweta mbili, leso kichwani, na gambuti zenye tope la shambani. Alitoa simu iliyofungwa ndani ya kitambaa, akaifungua taratibu na kuiweka mezani mbele yangu.

"Ni wewe ule msichana unafunguanga game?"

"Ni mimi, Mama. Karibu ukae."

"Sitaki kukaa. Nataka kuingia kwa shamba yangu."

Nilidhani nimekutana na mzozo wa hatimiliki. Kumbe ni mchezo wa ukulima, ule ambao watu wawili wanagawana shamba moja. Kila mmoja ana upande wake, mahindi yake, ng'ombe wake, na anaweza kumwagilia mwenzake akitaka. Mama alikuwa ametoka kule kupita mji wa Turbo, ambako ana shamba la kweli na ng'ombe wa kweli, kuja kunililia kuhusu lile la simu. Sikucheka. Nilikuwa nimeona ujumbe uliokuwa juu ya skrini yake. Mchezo ulimwambia kwamba hajaonekana siku tisa, kwamba mshirika asiyeingia siku kumi huondolewa shambani, na kwamba amebakiwa na saa sita. Hapo ilikuwa saa nne asubuhi.

"Mwenzako ni nani?"

"Msichana yangu. Yuko ng'ambo, anaangalia wazee."

"Si basi umpigie simu tu umwambie umekwama?"

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu mbele ya watu. "Hatuongei. Miaka mbili sasa. Ni hiyo shamba tu tuko nayo."

Alipoona sijaelewa, aliinama karibu na meza akapunguza sauti. "Nikitolewa huko, yeye ataona ni mimi nimejitoa. Atasema, sasa mama amemaliza na mimi kabisa."

"Anaweza kukualika tena, Mama."

"Hawezi. Atanyamaza. Hiyo kichwa ngumu ni mimi niliizaa."

Basi nikajua tunachopigania. Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya kujiamini ambayo imewahi kuniponza na bado siiachi, kwamba kabla ya chakula cha mchana atakuwa ndani anakamua.

Nilianza kama kawaida. Je, wengine wanaingia? Niliufungua mchezo huo kwenye mashine yangu kwa akaunti ya majaribio, ukafunguka bila shida. Kwa hiyo kosa halikuwa kwa wenye mchezo. Nikaitoa simu yake kwenye laini yake na kuiunganisha na mtandao wangu. Wapi. Nikafuta takataka, nikasasisha, nikaizima na kuiwasha. Kila nilichofanya, mchezo ulimruhusu afike mlangoni tu. Aliandika nenosiri alilokuwa amelinakili kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu chake cha nyimbo za kanisa, mimi nikiangalia ukuta, likakubaliwa mara moja. Halafu mchezo ukadai tarakimu sita.

Tarakimu hizo zinatoka kwenye programu ndogo ambayo binti yake alimwekea kwenye simu kabla hajasafiri, ili mtu asije akamwibia akaunti. Kila nusu dakika programu inatoa tarakimu mpya, unazinakili, mlango unafunguka. Zamani mchezo haukuwa ukimuuliza kila mara. Ila siku tisa zilizopita ulimtupa nje ghafla, na tangu hapo ukawa unamdai tarakimu na kuzikataa zote.

"Umebadilisha nini kwa hii simu, Mama? Fikiria vizuri."

"Hakuna."

"Laini ni ileile?"

"Ni ile."

"Hakuna mtu aliichezea? Mjukuu, jirani?"

"Hii simu haiguswi na mtu."

Nikaamini, na nikaanza kushuku vidole vyake. Mara ya kwanza aliandika polepole, tarakimu zikapita muda, nikasema ni hilo. Mara ya pili nilimwambia aharakishe. Ya tatu nilimsomea mimi, yeye akaandika. Ya nne akanisomea yeye. Ya tano nilishachoka kuona kidole kimoja kikitafuta namba kama kuku anayedonoa, nikainyang'anya simu kutoka mkononi mwake, nikaandika mwenyewe kwa kasi ambayo vijana wote wa Munyaka wanaiheshimu. Mchezo ukafikiri kidogo. Kisha ukaandika kwa herufi nyekundu kwamba tumejaribu mara nyingi mno, akaunti imefungwa kwa saa mbili, na tukikosea tena baada ya hapo itafungwa siku nzima.

Nilitazama saa ya ukutani. Saa sita na dakika arobaini.

"Imesema nini?" akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Ninayo maneno mengi ya kitaalamu ya kumzungusha mteja mpaka asahau alichouliza. "Imejifunga, Mama. Ni mimi nimeifunga. Itafunguka saa tisa kasorobo hivi, halafu tutapata nafasi moja tu."

Hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie, akaweka mikono juu ya magoti, na hiyo iliniuma kuliko kama angenigombeza. Niliona haya. Nilikuwa nimefanya kile ninachowakataza wateja kila siku: kubonyeza tena na tena kwa hasira nikitumaini mashine itaogopa.

Niliagiza chai na maandazi kutoka hoteli ya jirani. Mvua nyembamba ilianza kunyesha. Wateja wengine walichapisha karatasi zao wakaondoka, tukabaki wawili, na yeye akaanza kunieleza bila kuulizwa.

Binti yake alikuwa mwalimu. Alikuwa amesubiri kazi ya kudumu miaka mingi, akaipata, na mama akachinja mbuzi na kuita watu wa kanisa. Haukupita mwaka, binti akaja na barua nyingine, ya kazi ya kutunza wazee katika nchi ya baridi, akasema anaacha ualimu. Mama alisema maneno mengi siku hiyo. Mengine hayakumbuki. Moja analikumbuka.

"Nilimwambia, ukitoka kwa hii gate, usinipigie simu."

"Akatoka."

"Akatoka. Na hajapiga." Alizungusha kikombe cha chai mkononi. "Nililea mtoto wa kusikia. Hiyo ndiyo shida."

Mchezo mama alikuwa amefundishwa na huyo huyo binti miezi michache kabla ya ugomvi, baada ya yeye mama kuvunjika mguu kwa kuteleza zizini, akawa anakaa kutwa akihesabu mabati. Walicheza pamoja wakichekana. Baada ya binti kusafiri, mama aliiweka simu pembeni kwa hasira wiki nzima. Siku alipoufungua mchezo akakuta upande wake umemwagiliwa maji. Hakuandika neno. Akamwagilia upande wa binti, akafunga simu. Kesho yake akakuta ng'ombe wake wamelishwa. Wameendelea hivyo miaka miwili, kila siku, bila salamu, kila mmoja akimfanyia mwenzake kazi na kujifanya hakupita.

Mimi pia nina ndugu ambaye hatuongei, na kati yetu hakuna hata mahindi ya simu. Nilimwambia tu kwamba tutaingia. Nilisema kwa uhakika wote, na ndani yangu sikuwa na hata chembe ya wazo kuhusu kosa lilipo.

Buchari, duka la nyama lililo ukuta mmoja na saiba yangu, ina redio inayopiga kelele kutwa. Mvua ilipopungua kidogo tulisikia ile milio ya kuashiria saa, kisha msomaji akatangaza kwamba ni saa nane kamili na hii hapa taarifa ya habari. Mama akaitazama simu yake na kutikisa kichwa.

"Hawa watu wa redio wanachelewanga."

"Wamechelewa vipi?"

"Saa nane imepita kitambo. Sasa ni nane na dakika ishirini na tano."

Niliinuka kwenye kiti mithili ya mtu aliyekalia makaa. Nikaichukua simu. Pale juu, mahali nilipopaangalia tangu asubuhi pasi na kupaona, saa ilikuwa mbele dakika ishirini na tano. Na kwenye kona ya mashine yangu, shibiri moja kutoka hapo, kulikuwa na saa iliyo sawa. Nilikaa kati ya saa hizo mbili tangu saa nne na sikuzilinganisha hata mara moja. Mtaalamu!

"Mama, hii saa nani aliiweka hivi?"

"Ni mimi. Hiyo ni saa ya maziwa."

Akanieleza kwa subira, kama unavyomweleza mtu wa mjini. Gari la kuchukua maziwa hupita barabarani kwao alfajiri na halimngojei mtu. Zamani lilimwacha mara mbili, maziwa yakaharibika. Tangu hapo saa ya ukutani nyumbani kwake huwekwa mbele dakika ishirini na tano, mume wake akaweka yake ya mkononi vivyo hivyo, na majirani karibu wote wa njia hiyo wanafanya hivyo. Mtu akisema "tukutane saa nne ya maziwa" kila mmoja anajua. Ila siku kumi zilizopita saa ya ukutani ilianguka ikapasuka, na simu ikapewa kazi yake.

"Lakini nilikuuliza kama umebadilisha kitu!"

"Sikubadilisha. Niliiweka sawa."

Nilitaka kumfokea, nikataka kumkumbatia, nikaishia kujipiga kofi kwenye paji la uso. Maana kosa lote lilikuwa hapo. Mchezo wa ukulima hauwapendi watu wanaosogeza saa mbele, kwa sababu wapo wajanja wanaofanya hivyo ili mahindi yakomae haraka. Ukimwona mtu saa yake si sawa, unamtupa nje. Na zile tarakimu sita hutengenezwa kwa saa ya simu. Mchezo unatengeneza zake kwa saa yake, unalinganisha. Tarakimu za mama zilikuwa sahihi kabisa, ila zilikuwa za dakika ishirini na tano zijazo. Mara zote tano tulikuwa tumefika mapema mno.

Nilipotaka kuirekebisha, alinishika mkono.

"Wacha hiyo saa. Nitakosa gari ya maziwa."

"Mama, nitakuwekea kengele. Ilie dakika ishirini na tano mapema."

"Si kitu moja. Nikijua niko na dakika za ziada, nitalala."

"Kwani sasa hujui?"

"Najua. Lakini saa haijui."

Tulivutana kidogo. Nikamwambia achague, saa ya maziwa au shamba la binti yake. Aliangalia nje kwenye mvua, akavuta pumzi. "Iweke leo. Nitanunua ingine ya ukuta nikienda nyumbani." Nikaiweka simu ijipatie saa yenyewe kutoka kwenye mtandao. Dakika ishirini na tano zikatoweka juu ya skrini, na mama akaguna kama aliyeporwa.

Tulingoja. Saa tisa kasoro dakika ishirini lile andiko jekundu likaondoka. Sikugusa chochote. Nilimsogezea simu, nikageukia ukuta wakati wa nenosiri, kisha nikamwambia asikimbilie, angoje tarakimu mpya zianze ndipo azinakili. Nafasi ilikuwa moja. Akasubiri. Zilipobadilika akaandika kwa kile kidole kimoja, na safari hii nilikitazama kwa heshima. Duara likaanza kuzunguka. Likazunguka mpaka nikaona mkono wangu wenyewe umeshika ukingo wa meza.

Shamba likafunguka.

Nilirusha ngumi hewani peke yangu. Yeye alikuwa ameinamia skrini. Mimi nilitarajia magugu. Mchezo ule haumhurumii mtu aliyekosekana siku tisa. Mahindi hukauka, ng'ombe hukonda, ua huanguka. Lakini upande wake ulikuwa kijani kitupu. Mahindi yaliyokomaa yalikuwa yamevunwa na mengine kupandwa. Ng'ombe wote wanne walikuwa wameshiba. Upande wa pili, wa binti, ndio uliokuwa umekauka, kwa sababu mtu akiwa na muda mchache anachagua kazi ya kufanya, naye alikuwa amechagua.

"Alikuja siku zote," mama akasema. "Zote tisa."

Langoni kwa kila mkulima kuna kibao ambacho mwenzake anaweza kuacha ujumbe mfupi. Mama aliniambia kwamba kibao chake hakijawahi kuandikwa neno tangu binti aondoke. Sasa kilikuwa na maandishi. Alisogeza simu karibu na macho, akasoma midomo ikicheza, kisha akanipa nisome na mimi, kama asiyeamini macho yake.

"Mama uko sawa? Nalisha ng'ombe wako."

Nilimrudishia simu haraka, maana mimi si mtu wa kulia mbele ya wateja. Nikamwonyesha mahali pa kubonyeza akitaka kumjibu. Akaweka kidole juu ya kibao, akakiondoa.

"Hapa naweza andika maneno ngapi?"

"Herufi arobaini, Mama."

Alihesabu kwa vidole.

"Haitoshi," akasema.

Akatoka kwenye mchezo mwenyewe bila kuniuliza namna, akaenda kwenye orodha ya majina, akashuka chini, chini zaidi, mpaka kwenye namba ambayo kwa miaka miwili hakuipiga na hakuifuta. Nilisimama nitoke nje nimwachie chumba. Akanivuta sketi nikae. Simu iliita mara moja tu.

"Mama?"

"Ni simu ilinifungia nje," akasema. "Si mimi. Mimi siwezi kutoka huko."